Kufuatilia mashua ya mfano ikiwa mamia ya kilomita baharini: njia gani, na antena ikae wapi?

fundi_foromali ameuliza:

Habari wakuu. Nina mashua ya mfano ya sentimita 120, gamba la nyuzi za kioo, mlingoti wa sentimita 140, farumi (uzito wa kuisimamisha wima) ya kilo 4 chini ya mkuku. Usukani unaongozwa na bawa la upepo, kwa hiyo ikishapangiwa mwelekeo haihitaji rimoti. Nia ni kuiacha bahari kuu kwa siku 90 na kujua ilipo kila baada ya saa 4.

Rimoti ya GHz 2.4 inaishia kilomita moja au mbili, hiyo najua haifai. Nafasi ya ndani inachukua kisanduku cha sentimita 20 kwa 8 kwa 6, na vifaa vyote pamoja na betri visizidi gramu 600. Naomba mwongozo kwenye mambo matatu: njia ya kurusha taarifa, ukubwa wa betri, na mahali pa antena. Kuna wanaosema antena iwe kileleni mwa mlingoti na kuna wanaosema iwe chini ya sitaha, ila sijaona sababu za upande wowote.

---

mkuku_mzito:

Mkuu, kabla ya kuchagua kifaa angalia kwanza mviringo wa dunia. Redio yoyote inayotegemea antena mbili kuonana inakatwa na upeo wa macho, hata ukiipa nguvu kiasi gani. Hesabu yenyewe ni fupi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena ya mashua kwa mita, jumlisha na kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako, zidisha kwa 4.12. Jibu ni kilomita. Antena ya mashua ikiwa mita 0.5 juu ya maji na yako mita 4 ufukweni, unapata kama kilomita 11. Ukipanda kwenye mwamba wa mita 30 unafika 25 hivi.

Kwa hiyo LoRa (redio ndogo ya data inayotumia umeme kidogo), iwe ya MHz 433, 868 au 915, ni nzuri sana kwa ziwani na kwa majaribio karibu na pwani, basi. Zile rekodi za mamia ya kilomita unazosikia ni za maputo yaliyo juu angani au vilele vya milima vinavyoonana. Mashua inayolala juu ya maji haina urefu huo.

Mtandao wa simu nao una ukuta wake. GSM ya kawaida inakoma kilomita 35 kutoka mnarani kwa sababu ya namna inavyopanga zamu za mawimbi, na kwa antena iliyo karibu na maji utapata pungufu ya hapo. Pia 2G inazimwa katika nchi nyingi, kwa hiyo usijenge kitu kipya juu ya modemu ya 2G peke yake; tafuta ya LTE-M au NB-IoT, mitandao mipya ya simu kwa vifaa vidogo. Ukitumia za 2G kama SIM800L, jua zinavuta ampea 2 kwa mapigo mafupi. Betri dhaifu au waya mwembamba volti inaporomoka, modemu inajizima na kujiwasha bila kikomo, na kwa nje inaonekana kama "hakuna mtandao".

Kuna mtu atakushauri uweke AIS (redio ya meli ya kujitambulisha) kwa vile inaonekana kwenye ramani za meli. Usiweke. Mawimbi yale (MHz 161.975 na 162.025) ni ya usalama wa vyombo, na namba ya MMSI, yaani utambulisho wa chombo, hutolewa kwa chombo kilichosajiliwa. Nahodha wa meli asianze kukwepa kitu cha mita moja kinachojitangaza kama jahazi.

Ukiondoa hayo, kwa bahari kuu zinabaki njia mbili: setilaiti, au redio ya masafa marefu ya HF kwa mwenye leseni.

---

joshi_na_demani:

Naungana na mkuku_mzito, nami nichukue upande wa setilaiti.

Kwa siku 90 bahari kuu kifaa kikuu kiwe cha Iridium, kwa huduma ya ujumbe mfupi wa data (SBD). Setilaiti zake 66 zinazunguka kama kilomita 780 juu, zinapita karibu na ncha zote mbili za dunia, na zinapeana ujumbe zenyewe kwa zenyewe huko huko angani. Mashua haihitaji kituo cha ardhini kilicho karibu nayo. Modemu ya 9602 au ndogo yake ya 9603 inabeba hadi baiti 340 kwenda na 270 kurudi, na kuna bodi zilizokwisha kuunganishwa kama RockBLOCK zinazokuondolea kazi ya antena na kapasita.

Mpangilio wa kila zamu uwe hivi:

Kidhibiti kinaamka, kinawasha GPS. GPS iliyolala saa 4 data zake za mizunguko ya setilaiti zimeshapitwa na wakati, kwa hiyo ipe angalau sekunde 30 hadi 45 za kuzipokea upya. Usipokee ripoti ya kwanza inayotoka. Subiri HDOP (kipimo cha ubora wa nafasi, ndogo ni bora) ishuke chini ya 3, au dakika 2 zipite, kisha chukua. Zima GPS kabisa kabla ya kurusha. GPS inasikiliza MHz 1575.42 na Iridium inarusha kati ya 1616 na 1626.5. Ni majirani wa karibu, na mrushaji akiwa sentimita chache pembeni anaziba masikio ya GPS.

Ndipo washa modemu, subiri superkapasita ijae, pakia ujumbe kwa AT+SBDWB, kisha AT+SBDIX. Soma namba ya kwanza ya jibu: 0 hadi 4 umefika, 32 hakuna mtandao, 18 umekatika katikati. Ukishindwa usirudie papo hapo. Subiri sekunde chache, kisha 30, kisha dakika 5. Setilaiti moja hupita toka upeo hadi upeo kwa dakika kama 9, kwa hiyo dakika 5 zinatosha kukuletea sura mpya ya anga. Baada ya majaribio manne kata tamaa, lala, na taarifa hiyo iende na ujumbe wa zamu ijayo. Kuna programu nyingi zinazojaribu bila kikomo. Hizo ndizo zinazomaliza betri katika wiki ya kwanza ya hali mbaya ya bahari.

Kitu kimoja cha kujua: mizunguko ya Iridium inakutana karibu na ncha na inaachana karibu na ikweta. Ikweta utaona setilaiti chache kwa wakati mmoja kuliko kaskazini ya mbali, kwa hiyo majaribio mawili kwa ujumbe mmoja huko si ishara ya ubovu.

Sasa antena. Kileleni mwa mlingoti hapana, na chini ya sitaha pia hapana.

Gramu 100 kwenye sentimita 140, ukichukulia farumi yako iko sentimita 45 chini, ni sawa na kuiondolea farumi gramu 300. Waya mwembamba wa antena wa mita moja na nusu nao unakula theluthi ya nguvu au zaidi katika masafa haya. Isitoshe, mlingoti ndio wa kwanza kuvunjika, na ukivunjika unabaki bila mashua na bila habari ya mashua.

Chini ya sitaha shida ni maji. Sentimita 1 ya maji ya chumvi inameza takriban sehemu tisa kwa kumi za nguvu ya mawimbi haya. Sentimita 5 haziachi kitu. Sitaha ya mashua ndogo inafunikwa na maji kila wimbi, na ujumbe wa sekunde kadhaa unakatikia katikati.

Panapofaa ni kichwani pa kinara kifupi kwenye tezi (nyuma ya mashua), sentimita 12 hadi 15 juu ya sitaha, chini ya kikofia cha nyuzi za kioo chenye unene wa milimita 2. Kikofia kiwe cha mviringo ili maji yateremke. Juu ikiwa bapa, maji yanatuama na yakikauka yanaacha chumvi. Nyuzi za kioo na mbao kavu hupitisha mawimbi vizuri. Nyuzi za kaboni hazipitishi. Kama mlingoti wako ni wa kaboni acha nafasi ya sentimita 20 au zaidi. Tanga la poliesta halina tatizo. Antena bapa ya kauri itazame juu moja kwa moja. Mashua ikilalia demani (upande upepo unakoelekea) kwa digrii 25 bado itaona anga ya kutosha.

---

bawa_la_upepo:

Kwenye yote hayo ongeza kifaa cha pili kisichotegemea cha kwanza kwa lolote: betri yake, kisanduku chake, antena yake, na ikiwezekana mtandao mwingine. Kifuatiliaji kilicho tayari cha Globalstar, mfano SPOT Trace, kinatosha kwa kazi hiyo. Kinatumia betri nne ndogo za AAA za lithiamu.

Ila usikifanye kikuu. Setilaiti za Globalstar hazipeani ujumbe angani. Zinaakisi tu chini kile zinachosikia, kwa hiyo ujumbe unafika pale tu setilaiti hiyo hiyo inapoiona mashua na kituo cha ardhini kwa wakati mmoja. Katikati ya bahari kubwa kuna maeneo ambako hilo halitokei. Tena kifaa kinarusha tu, hakipokei jibu, hivyo hakijui kama ujumbe umefika. Mashua ikipotea ramani kwa wiki mbili katikati ya bahari kwa kifaa hicho, inaweza kuwa nzima kabisa.

Soma pia maelekezo ya kifaa kuhusu kujizima. Baadhi ya vifaa vilivyotengenezwa kwa wapanda milima husitisha ufuatiliaji baada ya saa 24 hadi mtu abonyeze tena kitufe. Mashua haina kidole.

Wenye leseni ya redio ya ridhaa wanaweza kutazama WSPR, mfumo wa kurusha ujumbe mfupi sana kwa nguvu ndogo: milliwati 200 kwenye MHz 14 zinavuka bahari, na vituo vya kupokea viko kila bara. Lakini ujumbe wake wa kawaida una biti 50 tu na hutaja eneo kwa herufi nne za gridi, yaani kisanduku cha digrii 1 kwa 2. Ikweta hiyo ni kama kilomita 111 kwa 222. Inakuambia mashua ingali hai. Kuifuata kwa boti ukaiokote haitoshi. Kumbuka pia kwamba robo ya wimbi ni mita 5, na mlingoti wa sentimita 140 utahitaji koili ya kurefusha.

---

fundi_foromali:

Asanteni sana, hii imenifungua macho. Nimeshaunganisha modemu, GPS na bodi ya majaribio ya maikrokontrola mezani. Programu inalala kati ya zamu kama alivyoeleza joshi_na_demani, lakini betri ya mAh 3000 inaisha siku ya tisa. Kwa hesabu zangu ingefika miezi. Tatizo ni Iridium?

---

joshi_na_demani:

Siyo Iridium. Tufanye hesabu kwa volti 5. GPS mA 40 kwa sekunde 45 ni mAh 0.5. Modemu wastani wa mA 200 kwa sekunde 40 ni mAh 2.2. Jumla 2.7 kwa zamu, zamu sita kwa siku ni mAh 16. Kidhibiti kikilala vizuri, mA 0.1, kinaongeza 2.4. Kwa siku ni chini ya mAh 19.

Wewe unatumia mAh 333 kwa siku. Gawa kwa saa 24: karibu mA 14 zinavuja mchana na usiku. Kiwango hicho ni cha bodi ya majaribio yenyewe. Programu imelala, ila taa ya nguvu inawaka, kirekebisha volti kinakunywa, na chipu ya USB iko macho. Na kama GPS inapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye bodi, nayo haijazimika.

Weka ammita mfululizo na waya chanya wa betri, bodi ikiwa imelala, kisha ondoa kimoja kimoja: ng'oa taa ya nguvu, tumia bodi isiyo na chipu ya USB, badilisha kirekebisha volti kwa chenye matumizi madogo, na weka transista ya MOSFET ya aina P ikate kabisa umeme wa GPS. Modemu ilazwe kwa pini yake ya usingizi. Usiridhike mpaka usome chini ya mA 0.2. Washa pia saa ya ulinzi inayoanzisha upya kidhibiti kikikwama. Baharini hakuna wa kuchomoa waya na kuchomeka tena.

Betri: mAh 19 kwa siku 90 ni kama mAh 1,700 kwa volti 5, yaani Wh 8.4. Zidisha mara mbili kwa ajili ya majaribio yanayoshindwa, Wh 17. Seli moja ya lithiamu ya 18650 ya mAh 3000 ina Wh 10.8, na kipandisha volti kinakula kama asilimia 15. Seli mbili zinafika kwa shida, weka tatu sambamba. Uzito wake ni gramu 150 hivi, uko ndani ya kikomo chako.

Mimi kwa safari ya siku 90 nisingeweka sola. Kila paneli ni matundu mawili ya waya kwenye sitaha, na matundu ndiyo yanayozamisha vifaa. Ikiwa ni mwaka mzima, hapo mjadala ni mwingine.

---

mkuku_mzito:

Kuhusu matundu, niongeze sababu ambayo wengi hawaitazami. Kisanduku kikifungwa vizuri bado kinaweza kuvuta maji. Jua likikipasha hadi digrii 50, kisha wimbi likakipoza hadi 25, shinikizo la hewa ya ndani linashuka kama asilimia 8. Hiyo ni sawa na kukizamisha kwenye kina cha sentimita 80 hivi, na inajirudia mara nyingi kila siku. Ringi ya mpira yenye unywele mmoja au chembe ya mchanga itapitisha tone kila mara. Baada ya mwezi una kikombe.

Cha kufanya: paka ringi grisi ya silikoni, pitisha waya kwenye epoksi na wala si kwenye tundu lenye silikoni ya bafu, na menya ganda la waya sentimita 1 ndani ya epoksi. Maji hutembea kati ya nyuzi za shaba ndani ya ganda kama mafuta kwenye utambi, na hapo epoksi ya nje haisaidii. Jaza nafasi iliyobaki ndani ya kisanduku kwa povu gumu. Hewa ikiwa kidogo, pumzi nayo inakuwa ndogo. Funga kisanduku mahali pakavu na penye ubaridi, ukiweka gramu 20 za silika (chembe za kunyonya unyevu) zilizokaushwa upya. Bodi zote zipakwe vanishi ya kinga, isipokuwa soketi ya antena.

Jaribio lake: kipashe juani mpaka kiwe moto, kisha kitumbukize kwenye ndoo ya maji ya barafu yenye chumvi na rangi ya chakula. Rudia mara 20. Ndani weka karatasi nyeupe. Ukiona nukta moja ya rangi, fungua uanze upya.

Jaribio la redio ni la siku 7 nje, chini ya anga wazi, kwa betri ile ile, kisanduku kikiwa kimefungwa kama kitakavyosafiri. Zamu sita kwa siku ni ujumbe 42. Zikifika pungufu ya 40, usiiachie mashua baharini.

---

bawa_la_upepo:

Umbo la ujumbe lina faida kubwa bila gharama. Watoa huduma wengi wa bodi hizo huhesabu kwa vipande vya baiti 50, kwa hiyo zijaze zote. Latitudo katika biti 24 ina usahihi wa mita 1.2, longitudo katika biti 24 ni mita 2.4 kwenye ikweta. Hizo ni baiti 6. Ongeza baiti 2 za wakati, una nane kwa kila nukta. Nukta sita ni 48. Kila ujumbe unabeba saa 24 zilizopita, kwa hiyo hata tano mfululizo zikipotea, ya sita inaziba pengo lote.

Wakati usiuhesabu kwa dakika mojamoja: baiti 2 zinajaa siku ya 45 na hesabu inarudi sifuri. Tumia vipande vya dakika 4, unapata siku 182.

Baiti mbili zilizobaki: moja volti ya betri kwa hatua za 0.02, nyingine igawe nusu unyevu wa ndani ya kisanduku, nusu kiwango cha kulala kwa mashua. Hizo ndizo zitakazokueleza kimya kimetokana na nini. Unyevu ukipanda siku kwa siku halafu kimya, ni maji. Volti ikishuka polepole halafu kimya, ni betri. Mashua ikiacha kulalia upande ilhali upepo upo, na kasi ikawa ile ya mkondo tu, mlingoti umekwenda ila mawasiliano yatabaki, na hapo utashukuru hukuweka antena kileleni.

Na kimya kisikufanye ufute safari. Mashua ya wanafunzi wa Rye Junior High ya New Hampshire, Marekani, iliachwa Oktoba 2020 na ikaokotwa karibu na Smøla, Norwe, mwanzoni mwa 2022, baada ya siku 462. Katika muda huo kifaa chake kilikuwa kinasikika kwa vipindi tu. Mlingoti haukuwepo, na gamba lilikuwa limegandwa na viumbe vya baharini.

Atakayeiokota yako atajua pa kupeleka habari kwa maandishi yaliyo juu yake. Kwa hiyo chonga, usiandike kwa kalamu: jua na chumvi vinafuta wino ndani ya wiki chache. Chonga kwenye sitaha, na tena ubavuni chini ya mstari wa maji, kwamba chombo si hatari, kisifunguliwe, na anwani ya barua pepe itakayodumu miaka mitatu. Tumia lugha za pwani zote ambazo mkondo unaweza kukifikisha. Juu ya mchongo paka epoksi nyembamba yenye kuonyesha, kwani viumbe wakiganda kwenye rangi huibandua pamoja nao wanapokwanguliwa.